Daftari la Kumshtaki Filimbi

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimelinunua leo kwa ushauri wa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa teksi ambaye nyumbani tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Kaniambia, "Shemeji, ukionewa bila maandishi, hujaonewa. Andika tarehe, andika saa, andika alichosema. Zikifika kurasa kumi tunampelekea mkubwa wake." Haya, naandika.

Mshtakiwa ni askari wa trafiki, mwanamke wa makamo, anayesimama kila asubuhi upande wa kushoto wa barabara, hatua chache baada ya kituo cha mafuta. Jina lake silijui. Namwita Filimbi. Mlalamikaji ni mimi, dereva wa gari la kiwanda cha mikate, miaka ishirini na saba kwenye usukani, na sijawahi kumgusa hata kuku.

Shtaka lenyewe: leo saa moja kasoro dakika kumi kanisimamisha, mara ya tatu ndani ya wiki mbili. Sikumwona mpaka alipopiga filimbi. Akakagua leseni, bima, matairi, taa, waipa. Kila kitu safi. Akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka tulikutana wapi, kisha akasema, "Nenda, mzee. Polepole." Mzee! Nina miaka hamsini na sita, na meno yangu yote ninayo.

Zaidi ya hilo siku ilikuwa njema. Nashukuru. Nikifungua mlango wa nyuma asubuhi na harufu ya mikate ikanipiga usoni, huwa najiambia kuna watu wanaamka kwenda kwenye kazi mbaya kuliko hii.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Hakunisimamisha. Sijui kama alikuwepo.

Jumanne, 12 Machi

Kanisimamisha tena. Saa moja kamili, mvua ya manyunyu.

"Dereva, mbona hukusimama niliponyoosha mkono?"

"Hukunyoosha mkono, afande. Umepiga filimbi, na mimi nimesimama."

"Nimenyoosha mkono kwanza."

"Basi labda ulinyoosha nimeshapita."

Hakubishana. Akazunguka gari taratibu, koti lake la mvua likivuja maji, akasimama kwenye kioo cha pembeni cha kushoto, kile nilichokifunga kwa gundi. "Hiki kimevunjwa na nini?"

"Nguzo ya geti la kiwandani."

"Na mkwaruzo huu wa mlangoni?"

"Geti hilohilo, afande. Geti letu jembamba."

"Geti limekuwa jembamba lini?"

Swali gani hilo? Akatoa kijitabu mfukoni akaandika kitu. Kumbe na yeye ana daftari lake! Redio alipoambiwa jioni alipiga meza kwa furaha: "Umeona? Anajikusanyia ushahidi. Huyu mama amekuvalia njuga!"

Jumatano, 13 Machi

Mvua kutwa. Nimekipiga kikombe cha chai kwa kiwiko kikaenda chini. Mke wangu anasema siku hizi mikono yangu ina haraka. Nimefagia mwenyewe.

Jumanne, 19 Machi

Leo ni ya kuandika vizuri, maana nimechokozwa haswa.

Sisi madereva tuna desturi yetu, na asiyeijua si dereva. Ukipishana na mwenzako akakuwashia taa kubwa mara mbili, maana yake trafiki wako mbele, jiweke sawa. Humjui, hakujui, lakini mmesaidiana. Leo lori la kokoto likaniwashia. Nikafunga mkanda vizuri, nikapunguza mwendo, nikanyoosha mgongo kama bwana harusi. Nikapita kituo cha mafuta. Kimya. Nikasema moyoni, ahaa, leo hayupo, yule wa lori kanitania tu.

Filimbi ikalia nyuma yangu.

Alikuwa palepale anaposimama siku zote. Akaja dirishani bila haraka, akauliza kwa sauti ya chini, "Umewashiwa taa, sivyo?"

Nikaangalia usukani.

"Sema ukweli. Sikukamati kwa hilo. Nyote mnawashiana, tunajua."

"Nimewashiwa."

"Kwa hiyo ulijua nipo."

"Nilijua."

"Umenitafuta?"

"Nimekutafuta, afande."

"Na hukuniona." Akafuta maji usoni kwa kiganja. "Mzee wangu, nakuomba ukapimwe macho."

Nilimjibu nini? Nilimjibu kwamba mimi nasoma namba ya gari lililo mwisho wa barabara, na kwamba mwenye kuhitaji kupimwa ni yule anayesimama kwenye mvua kuanzia asubuhi akisumbua watu na mikate yao. Akasikiliza mpaka nikamaliza. "Sawa," akasema. "Lakini nenda."

Ijumaa, 22 Machi

Redio kaja kula kwetu. Kwa maoni yake hii ya macho ni mbinu mpya mjini. "Anataka kitu kidogo ila anaona haya kuomba."

Mke wangu, ambaye alikuwa kwenye cherehani yake anapindua pindo, akauliza, "Mwezi mzima hajaomba. Sasa anataka nini?"

"Ndiyo ubaya wake huo!" Redio akasema. "Anayeomba unajua umalizane naye vipi. Asiyeomba utamfanya nini?"

Tulicheka. Ila nilipoinuka nilijikwaa kwenye kiti ambacho kila mtu alikiona.

Alhamisi, 28 Machi

Nimekwenda ofisi ya leseni kwa hiari yangu. Nimesimama kwenye mstari mwekundu, nimeuangalia ubao wa herufi, nimesoma juu mpaka chini, hata zile za mwisho zilizo ndogo kama chembe za sukari. Karani akasema, "Baba, una macho ya kijana." Nikaomba aiandike. Akacheka, lakini karatasi nimepewa, na muhuri juu. Nimeikunja na kuiweka kwenye leseni. Nasubiri tu nisimamishwe.

Jumatano, 3 Aprili

Nimesimamishwa. Nikamkabidhi karatasi kabla hajafungua mdomo.

Aliisoma mbele na nyuma, akiikinga mvua kwa mwili wake. "Walikupima kwa ubao?"

"Kwa ubao."

"Ukiwa umeuangalia moja kwa moja?"

"Sasa ubao uwekwe wapi, afande, kisogoni?"

Wa kwenye foleni nyuma yangu walisikia, wakacheka, na mimi nikavimba kichwa. Yeye hakucheka. Akasema, "Niangalie puani. Usigeuze macho. Hapa pembeni nimeinua vidole vingapi?"

Honi zilianza. Watu wametoa vichwa madirishani, mwanamume mzima naambiwa nitazame pua ya askari kama mtoto wa chekechea. Nikasema, "Mimi nina mikate, si maonyesho," nikatia gia.

Akashika ukingo wa dirisha. "Mzee. Nikikusimamisha tena na hukuniona, gari hili nalizuia hapa. Nitatafuta kifungu cha kulizuilia."

Hapo ndipo utani ulipoisha. Bosi wetu alishatangaza zamani: dereva ambaye gari litazuiliwa kwa kosa lake asirudi kiwandani, aende moja kwa moja kwao. Mimi sijui kazi nyingine. Mke wangu ana cherehani moja yenye mkanda uliochakaa. Nikikipoteza kigari hiki, tunakula nini?

Ijumaa, 5 Aprili

Nimepata dawa yake. Kabla ya kituo cha mafuta kuna njia ya kukata kulia, ya vumbi wakati wa jua na ya tope sasa hivi. Inapita nyuma ya shule, kandokando ya ukuta, na kutokea mbele, ukiwa umeshampita Filimbi. Dakika sita zaidi. Nimejaribu leo. Redio alinifundisha: "Mwanzo wa busara ni kumjua adui anasimama wapi."

Jumanne, 9 Aprili

Njia ya shule. Hakuna filimbi. Raha tupu.

Jumatano, 10 Aprili

Njia ya shule. Mvua kubwa. Mikate imefika bila kulowa. Nashukuru.

Ijumaa, 12 Aprili

Vilevile.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo nitaandika yote, maana nimeona cha moto.

Asubuhi mvua ilikuwa inamwagwa. Niliingia njia ya shule saa moja na robo. Nilikwenda polepole kwa sababu ya mashimo, na Mungu ayabariki mashimo yale, kila moja. Nikafika kwenye ukuta wa shule. Kulikuwa na dimbwi kubwa kulia. Nikaangalia kushoto, naapa niliangalia kushoto, nikaona ukuta na mvua, nikausogeza usukani.

Nikasikia ko! Kisha chuma kinakwaruza. Nikakanyaga breki.

Nilidhani ni tawi. Nikashuka, nikazunguka, na pale chini ya gurudumu la mbele kulikuwa na baiskeli, na pembeni yake mwanamke amekaa kwenye tope miguu imenyooka, aproni nyeupe imekuwa ya kahawia. Nilimfahamu kwa sura, ni mpishi wa shule ile. Ana sauti ya kuita watoto mia nne wakale.

"Wewe baba!" akanipigia kelele. "Unaendesha umelala?"

"Dada, umeumia?"

"Nimekwenda sambamba na wewe ukuta mzima! Ukuta mzima! Nimekupigia kengele. Umegeuka ukanitazama, nikasema huyu kaniona, kisha ukaniletea gari!"

Nikainama nimwinue, nikaishia njiani. Maana nyuma yake, hatua kama kumi na tano, walikuwa wamejipanga kando ya ukuta watoto wa darasa la kwanza na makoti yao ya mvua ya njano, wameshikana mikono wanakwenda getini. Wamesimama wananiangalia. Njano vile, na mimi nilikuwa sijaona hata mmoja. Nilishikilia mlango wa gari.

Watu wakajaa. Na kila aliyefika alisema lilelile: mvua hii! Mvua hii itaua watu! Mlinzi wa shule akasema mvua. Mwenye duka akasema mvua. Mwisho hata mpishi mwenyewe, alipoinuliwa na kuona mkono unakunjika, akasema, "Basi tuseme ni mvua, nina chai ya watoto jikoni." Nikampeleka zahanati kwanza, kwa nguvu, mikate ikae. Kiwiko kimeteguka, hakikuvunjika. Muuguzi akauliza chanzo. Mpishi akasema mvua, muuguzi akaandika mvua. Mimi nilikuwa nimekaa pale na mdomo wangu, sikusema neno.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Akasikiliza, akazima cherehani, akaniomba daftari hili. Akaanza kusoma kwa sauti, na mwanzoni alikuwa anatabasamu kwa yale ya Redio. "Sikumwona mpaka alipopiga filimbi." Akafungua ukurasa. "Sijui kama alikuwepo." Akafungua. "Leo hayupo." Tabasamu likatoka. Akarudi nyuma, akasoma tena, kidole kikifuata mistari.

"Mume wangu," akasema, "kila ukurasa umeandika kwamba hukumwona."

Nikaligeuza daftari upande wangu, nikasoma.

"Na kikombe. Na kiti. Na ile siku nilikunyooshea sahani ukaniacha mkono hewani, nikalala na kinyongo nikidhani umeninunia." Akaja akapiga magoti upande wangu wa kushoto. "Tazama dirisha. Usigeuke. Naufanya nini mkono wangu?"

Nilitazama dirisha. Nilijua yupo kwa harufu ya mafuta ya cherehani na kwa pumzi yake. Mkono sikuuona.

"Umeunyoosha," nikabahatisha.

"Nakupungia," akasema, na akaanza kulia, na mimi pia. Haikuwa mvua. Naandika hapa kwa mkono wangu mwenyewe: haikuwa mvua.

Jumanne, 16 Aprili

Sikuligusa gari. Nilimpigia simu bosi nikasema naumwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote haukuwa uongo. Nikavaa koti nikaenda kwa miguu mpaka kituo cha mafuta.

Alikuwa anamkagua mwenye pikipiki. Aliponiona natembea alimwachia. Nikamwambia yote: njia ya shule, baiskeli, watoto, zahanati, neno "mvua" na mdomo wangu uliofungwa. Nilikuwa tayari kwa pingu. Alivuta pumzi ndefu. "Huyo mama yu mzima?"

"Mzima. Kiwiko."

"Watoto?"

"Wazima wote."

Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Nikamuuliza alijuaje.

"Nina miaka kumi na tisa nasimama barabarani," akasema. "Nikinyoosha mkono, anayesimama ananiangalia. Anayekimbia ananiangalia zaidi, maana lazima ajue nimeandika namba au sijaandika. Wewe hukusimama na hukukimbia. Ulipita na uso mtulivu, kama mimi ni nguzo. Mara ya kwanza nikasema ana kiburi. Mara ya nne nikaangalia kioo chako cha kushoto."

"Sasa kwa nini hukulizuia gari mapema?"

"Ulinipa karatasi yenye muhuri, mzee. Ningesema nini? Makaratasi yako yote mazuri. Nilibaki na filimbi tu, nikawa nakusimamisha nikitegemea siku moja utachoka ukaende hospitali." Akatikisa kichwa. "Kumbe ulichoka ukaenda njia ya shule. Sikulala vizuri wiki hii, kila asubuhi najiuliza gari la mikate liko wapi."

Mimi nilikuwa najaza kurasa za kumshtaki, na yeye alikuwa hapati usingizi kwa ajili yangu. Nilimwomba radhi. Akasema radhi tutaizungumza baadaye, kwanza kituoni. Akaomba mwenzake amshikie zamu, tukaenda pamoja, nikaandika maelezo ya ajali kama ilivyokuwa. Nimepewa onyo kali, na nimeamriwa nimtengenezee mpishi baiskeli na nisiguse usukani mpaka daktari aseme. Leseni sikunyang'anywa. "Ukapimwe kwanza," akaniambia mlangoni, "kisha uipeleke mwenyewe. Mtu akirudisha mwenyewe anatembea kichwa juu."

Alhamisi, 18 Aprili

Hospitali ya macho, na mke wangu.

Wanakukalisha mbele ya kitu kama bakuli kubwa jeupe. Kidevu juu ya kishikio, jicho moja limezibwa, jingine litazame nukta ya katikati. Vimulimuli vidogo vinatokea huku na huku, na kila ukikiona unabonyeza kitufe. Jicho la kulia nilibonyeza kama mtu anayepiga chapa. Likaja la kushoto. Nikasubiri. Nikaona kimoja. Nikasubiri tena, nikadhani mashine imesimama. "Imeharibika, daktari?"

"Inaendelea, baba. Tazama katikati."

Mke wangu alikuwa kwenye kiti nyuma yangu, anasikia kitufe kinavyokaa kimya. Nilimsikia anavyoshusha pumzi.

Daktari, msichana mdogo mwenye subira ya bibi, alitueleza. Ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, inakula pembeni kwanza, taratibu, na katikati inaacha ya mwisho, ndiyo maana ubao wa herufi nausoma vizuri. Ubongo unajaza pengo lenyewe, ukuta na mvua, mtu asijue. Kilichopotea kushoto hakirudi. Jicho la kulia nalo limeanza kidogo, ila hilo linaokoleka kwa matone, kila siku, maisha yangu yote.

"Nani alikushtua uje?" akauliza. "Watu wengi tunawaona wakishaletwa kwa kushikwa mkono."

"Trafiki," nikasema.

Alidhani namtania.

"Mwambie trafiki wako," akasema, "ungechelewa mwaka mmoja au miwili, leo ningekuwa nakufundisha kutembea na fimbo."

Nimeendesha miaka ishirini na saba. Imekwisha. Nilidhani siku nikisikia hivyo nitaanguka. Nilishuka ngazi za hospitali nimemshika mke wangu, nikaona majani, matope, viatu vyake vyekundu, mwavuli wa mtu, na kila kitu nilikitazama kwa tamaa. Nimeachiwa vingi mno.

Ijumaa, 19 Aprili

Matone. Yanachoma kama kitunguu. Asante.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimepeleka baiskeli kwa mpishi, gurudumu jipya, breki mpya, kengele mpya. Nilimwambia shida ya jicho langu. Alinitazama muda mrefu, mkono wake bado kwenye kitambaa. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea.

"Kwa hiyo kweli hukuniona," akasema. "Mimi nimekuwa nikijiuliza nimekukosea nini, mtu anitazame usoni kisha anigonge." Kisha akaniletea uji, nikae ninywe, maana kwake hakuna anayeondoka na tumbo tupu.

Alhamisi, 2 Mei

Leo nimerudisha leseni. Karani ni yuleyule wa "macho ya kijana". Alipoipokea hakujua aangalie wapi. Sikumlaumu, alipima alichoambiwa apime. Ila nilimwomba kitu kimoja: siku akimpima dereva mwenye kioo cha gundi, amuulize vidole vingapi pembeni.

Kisha kwa bosi. Niliingia ofisini kwake na funguo mkononi, na hotuba niliyoipanga njia nzima. Hakuisubiri.

"Nilisema gari likizuiliwa, dereva aende kwao," akasema. "Gari limezuiliwa?"

"Hapana, bosi. Nimezuiliwa mimi."

"Basi wewe sikukutolea tangazo." Akazichukua funguo. "Nani mwingine anajua duka gani linataka mikate ya kukatwa na lipi linafungua saa moja na nusu? Wewe ndiye utapanga njia na kupakia. Na hilo geti, kabla sijasahau, lina upana uleule tangu alipokuwa hai baba yangu."

Redio aliposikia habari za jicho wiki iliyopita alikaa kimya dakika nzima. Mke wangu alimgusa kipaji cha uso kuona kama ana homa. Kesho yake akaenda mwenyewe kupimwa, akarudi anatamba mtaa mzima kwamba macho yake yana afya kuliko ya daktari. Mungu amzidishie, leo sauti yake nimeipenda.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda kumshukuru. Nilibeba mkate wa moto, wa kwanza kutoka kwenye tanuri, nimeufunga kwenye karatasi nyeupe.

Aliuona akarudi nyuma hatua mbili. "Mzee! Unataka nifukuzwe kazi? Mzigo kwa trafiki, barabarani, saa moja asubuhi, foleni nzima inaangalia?"

"Ni mkate tu, afande."

"Wote wanasema ni mkate tu."

Akacheka, mara ya kwanza namwona anacheka, na mimi nikacheka mpaka machozi. Tukakubaliana mkate nile mwenyewe mbele yake, asante yangu aipokee ya mdomo. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba kuna watoto kumi na wanane wa darasa la kwanza, niliwauliza shuleni idadi yao, ambao wazazi wao hawamjui na hawatamjua, lakini mimi namjua. Nikamwambia pia habari ya daftari, lilianzishwa kwa nini. Akauliza, "Lina kurasa ngapi?"

"Zimepita kumi zamani."

"Lipeleke basi kwa mkubwa wangu," akasema, na akageuka haraka kusimamisha lori, maana macho yake yalikuwa yamejaa maji na hakutaka niyaone. Niliyaona.

Jumatatu, 13 Mei

Nimelipeleka. Mkubwa wake amelisoma kuanzia mwanzo, nimesimama. Amenirudishia na kuomba nakala. Sijui atafanya nini nayo.

Jumatatu, 20 Mei

Manyunyu, kisha jua. Dereva mpya anaendesha vizuri, ila anasahau duka la kona.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua imekatika wiki nzima sasa, njia ya shule imeanza kukauka. Naipita kwa miguu kila siku nikitoka kazini. Ningeweza kupita pengine. Napita hapo kwa kupenda, saa watoto wanapotoka. Mke wangu alinifuata leo, na bila kuniambia akatembea upande wangu wa kushoto. Siku hizi hapo ndipo mahali pake, hata mezani kahama kiti.

Tulipofika katikati ya ukuta nilisikia kengele nyuma yangu, mara tatu, na baada yake ile sauti ya kuita watoto mia nne:

"Dereva! Niko kushoto kwako! Kushoto kwako, napita!"

Nikasimama, nikageuza kichwa chote mpaka shingo ikagoma, na akaja kuonekana, mzima, mikono yote miwili kwenye usukani wa baiskeli, aproni nyeupe inapepea.

"Nimekuona!" nikamjibu kwa nguvu zangu zote. "Nimekuona, dada!"